Uso Ulioondoka na Matufaha

Jumanne moja asubuhi, mwezi wa tano, wanafunzi wa darasa la usanifu wa michoro walibandika kazi zao ubaoni kwa pini, katika jengo la sanaa la chuo cha jamii cha Corvin, upande wa mashariki wa milima, jimbo la Washington. Chumba kilinuka gundi na kahawa. Mwanafunzi mmoja alikuwa amejikata kidole kwa kisu cha karatasi na kukifunga kwa utepe wa bluu, ule wa wapaka rangi, na kila alipoinua mkono kuuliza swali, kidole kile ndicho kilichoonekana kwanza.

Kazi yenyewe ilikuwa kubuni katoni mpya ya matufaha ya kampuni ya Halvick. Jengo lile lilijengwa na kampuni ya Halvick, na jina la bibi wa akina Halvick lilikuwa juu ya mlango. Profesa Stroud, mwalimu wa darasa, alikuwa amewaeleza mapema, bila kuficha kitu, kwamba mchoro utakaoshinda utakuwa mali ya kampuni, na kwamba mshindi atapewa cheti na kuonekana katika maduka ya nchi nzima.

"Itapendeza kwenye jalada lako la kazi," alimwambia kila mmoja kwa zamu yake. "Vyuo vikuu hupenda kuona kitu kilichochapwa."

Profesa Stroud aliajiriwa muhula kwa muhula, na kila muhula ulipokaribia kwisha alingoja kuambiwa kama ataitwa tena.

Yaretzi Olmedo, aliyekuwa mwaka wa pili, alikuwa amemchora mama yake. Alimchora kwa mkaa kwenye karatasi kubwa, ameketi mezani jikoni baada ya zamu, alama ya kofia ya wavu bado imejichora kwenye paji la uso, kidoa chake cheusi juu ya jicho la kushoto, mdomo umefungwa. Kisha akaupeleka mchoro kwenye kompyuta na kuupunguza hadi rangi mbili, nyeusi na nyekundu, ili uchapike vizuri kwenye katoni ya kahawia.

Grant Halvick alikuja mwenyewe kuchagua. Alivaa buti za shambani zisizo na tope. Alipita kwenye matufaha yenye mataji, matufaha yenye miale ya jua, tufaha moja lenye miwani, mikono yake ikiwa nyuma, na akasimama mbele ya mama yake Yaretzi.

"Huyu ni nani?"

"Mama yangu. Anafanya kazi kwenu, kwenye mkanda wa pili wa kufungashia."

"Basi ni mmoja wetu." Akasogea. "Ni nzuri sana hii. Ila amechoka."

"Alikuwa ametoka zamu."

"Naelewa kabisa. Lakini mfikirie mteja. Yuko dukani, mtoto analia kwenye kitoroli, anataka tu tufaha. Hataki kukutana na mtu aliyechoka. Mama anaweza kucheka kidogo?"

Yaretzi alimtazama Profesa Stroud. Profesa Stroud alitazama dirisha.

"Ni zoezi zuri," alisema hatimaye. "Mteja huomba mabadiliko. Ndiyo kazi yenyewe."

Yaretzi aliketi kwenye kompyuta akainua pembe za mdomo wa mama yake. Haikuchukua muda. Aliongeza na meno, kwa sababu bila meno mdomo ule ulionekana kama unaficha kitu. Halvick alipiga makofi, darasa likapiga makofi, na yule mwenye kidole cha bluu akapiga kwa mkono mmoja juu ya meza. Karatasi ya mkaa nayo ilichukuliwa, ikatiwa fremu, ikatundikwa katika korido ya ofisi za kampuni, kando ya mashine ya maji ya kunywa.

Eufrasia Olmedo aliitazama nakala aliyoletewa nyumbani kwa muda mrefu, mwiko mkononi.

"Hayo meno si yangu."

"Walitaka ucheke, mama."

"Nacheka nini?"

"Matufaha."

"Miaka yote hii nayafungasha, sijaona hata moja la kuchekesha." Akaibandika kwenye mlango wa jokofu kwa sumaku. "Lakini mkono wako mzuri, mwanangu. Umenipatia mpaka kidoa."

Alizima maharage yaliyokuwa jikoni, akampigia simu Chayo, mama wa ubatizo wa Yaretzi, aliyesimama naye bega kwa bega kwenye mkanda tangu Yaretzi akiwa shule ya msingi. Alimweleza habari ile mara mbili, na mara ya pili aliongeza chumvi.

Mavuno yalipoanza, katoni mpya ziliwasili zikiwa bapa, zimefungwa mafungu mafungu, na wanawake wa mkanda wa pili wakaanza kuzikunja.

"Frasia, leo nimekukunja mpaka mgongo unauma," alisema Chayo.

"Nikunje taratibu basi."

"Nakukunja taratibu, unafunguka mwenyewe. Na ukishajazwa matufaha unakuwa na tumbo kama una mimba. Kwa umri huo, huoni aibu?"

Wanawake walicheka, na Eufrasia akacheka pamoja nao. Lori la kwanza liliondoka mchana kuelekea bandarini Seattle. Jioni, Eufrasia alipokuwa akinawa uso, aliona kidoa chake hakipo. Alitazama kwenye taulo. Alitazama kwenye sinki.

"Kidoa kimeondoka," alisema wakati wa chakula. Yaretzi alitazama, akaona kweli kimeondoka, na wote wawili wakaendelea kula kwa sababu tortila, chapati za mahindi, zilikuwa zinapoa.

Nyusi zilifuata, kisha macho na kope, kisha mikunjo ya kando ya mdomo, ambayo Eufrasia hakuisikitikia. Malori yaliendelea kuondoka. Yaretzi ndiye aliyegundua utaratibu, kwa kuwa rangi alizipanga yeye: vilivyochapwa kwa wino mweusi viliondoka kwanza, na vya wino mwekundu vikaja nyuma yake. Baada ya matundu ya pua na mstari wa kidevu, ikawa zamu ya mashavu. Mwisho ikaondoka midomo. Kabla theluji haijaonekana milimani, uso wa Eufrasia ulikuwa laini na mtupu kama yai lililomenywa.

Aliona kama kawaida na kuongea kama kawaida. Kahawa iliingia pale ilipokuwa ikiingia siku zote. Kliniki, muuguzi alimpima shinikizo la damu, akamwambia apunguze chumvi, akampa mafuta ya ngozi kavu. Kanisani, padri alimpa komunyo kwa kukumbuka mdomo ulipokuwa. Majirani walimtambua kwa mwendo na kwa mkoba wake wa kijani, wakamsalimu kwa heshima, "Habari za asubuhi, Doña Eufrasia," kama zamani, ila sasa walisema wakitazama mkoba.

Na uso wenyewe ulikuwa unacheka ubavuni mwa malori. Ulikuwa unacheka kwenye bango la barabara kuu, mkubwa kuliko nyumba waliyopanga. Chuo nacho kilitundika kitambaa kirefu mbele ya jengo la sanaa, uso uleule, na chini yake maneno ya kuwasifu wanafunzi. Kila asubuhi Yaretzi alipita chini ya kidevu cha mama yake akienda darasani.

Tatizo la kwanza la kikazi lilikuwa mashine ya mahudhurio. Kampuni ilikuwa imeweka mashine inayosoma nyuso mlangoni ili watu wasisainiane. Siku midomo ilipoondoka, Eufrasia alisimama mbele yake ikawaka taa nyekundu.

"Haikusomi, Doña," alisema msimamizi, kijana mwenye adabu aitwaye Tyler.

"Nimesimama hapa."

"Mimi nakuona. Yenyewe ndiyo haikuoni. Na isipokuona, siku yako haiingii."

"Kwa hiyo nikifanya kazi leo, sijafanya."

"Kwa upande wa mashine, ndiyo."

Foleni nyuma yake ilikuwa imefika kwenye maegesho. Chayo alitoka kwenye mstari, akaingia ndani, akarudi na katoni bapa, akaikunja kwa goti, akaiinua mbele ya mashine. Taa ya kijani ikawaka. Mashine ikasema, "Karibu, Eufrasia." Foleni ikaendelea.

Tangu hapo Eufrasia aliingia kazini kwa kuinua katoni. Baada ya muda ofisi ikatangaza kwamba katoni ni mali ya kampuni, hazitolewi kwenye mkanda kwa matumizi binafsi, na anayehitaji anunue dukani kama mteja mwingine yeyote. Eufrasia akaenda dukani akanunua katoni nzima ya matufaha aliyoyafungasha mwenyewe. Matufaha wakayala wiki nzima. Katoni akaitunza kwa kuifunika na mfuko wa nailoni, isilowe.

Siku ile ya kuona mama yake anapangusa katoni kwa kitambaa kikavu, Yaretzi hakwenda darasani. Alikwenda ofisi za Halvick, akaomba kumwona Grant Halvick, na aliruhusiwa mara moja, kwa kuwa alikuwa mshindi.

"Uso wa mama yangu umeondoka wote," alisema. "Nataka urudi."

Halvick alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyeambiwa kwamba paa linavuja.

"Nimesikia. Hutokea. Unaikumbuka nembo yetu ya zamani, ya farasi?"

"Nimeiona kwenye picha."

"Alikuwa farasi wa kweli, wa babu yangu. Walipoanza kumchapa kwenye masanduku ya mbao, kichwa chake kikawa kitupu msimu uleule. Babu alisema aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alikula vizuri, alivuta mkokoteni vizuri. Tena alikuwa mtulivu zaidi."

"Mama yangu si farasi."

"Hakuna aliyesema hivyo. Nasema tu si jambo geni."

"Basi acheni kuzichapa."

"Za msimu huu zimeshachapwa zote. Na watu wanampenda, Yaretzi. Kuna mwanamke wa Ohio ametuambia akimwona mama yako dukani anamkumbuka dada yake. Uso ule sasa una kazi. Ungebaki pale mezani jikoni, nani angeuona?"

"Mimi."

Halvick alinyanyuka kumfungulia mlango.

"Mama yako anakaribishwa kuutazama wakati wowote," alisema. "Hatumfichi. Uko kila mahali."

Alipokuwa akitoka Yaretzi alipita kwenye korido, akauona mchoro wake wa mkaa kando ya mashine ya maji. Mama yake alikuwa bado mle, amechoka, mdomo umefungwa, kidoa mahali pake. Yaretzi alishika fremu kwa mikono miwili akavuta. Haikutoka. Akaweka mguu ukutani akavuta tena, mpaka ukucha mmoja ukapasuka. Karani aliyekuwa akijaza chupa ya maji alisubiri amalize, kisha akamweleza kwa upole kwamba fremu zote zimekazwa kwa skrubu kwa ajili ya matetemeko ya ardhi.

Nyumbani alimkuta mama yake anachambua maharage. Alimsimulia yote, mpaka habari za farasi. Eufrasia aliendelea kutupa vijiwe pembeni.

"Nikuulize kitu," alisema. "Ulipokuwa unaniinua mdomo, kwenye hiyo kompyuta. Uliniuliza?"

"Hapana."

"Ulinipigia simu?"

"Hapana, mama. Walikuwa wamesimama pale wote."

"Walikuwa wamesimama. Na mimi nilikuwa nimesimama kwenye mkanda." Akasukuma bakuli. "Nimekusomesha uchoraji. Watu waliniambia msomeshe uuguzi, nikasema huyu ana mkono, mwacheni. Halafu mtu mmoja anakuja na buti safi, anakwambia mchekeshe mama yako, na wewe unanichekesha."

Yaretzi alilia. Mama yake alimwacha alie, kwa sababu alikuwa na hasira naye, na kwa sababu mwenyewe hakuwa na mahali pa kutolea machozi.

Jumapili, kabla ya misa, Eufrasia alivuta kiti mpaka dirishani akaketi akitazama mwanga.

"Si una mkaa?" alisema. "Nichore hapahapa. Na safari hii uniulize."

Yaretzi alimchora juu ya ngozi yenyewe. Alianza na kidoa, ili apate pa kushika. Kila alichotaka kuweka aliuliza kwanza. Nyusi hivi? Nene kidogo. Mdomo? Ufunge. Mikunjo ya mdomo? Eufrasia alifikiri, akasema, weka, nimeihangaikia. Walipomaliza, Yaretzi alimpulizia dawa ya nywele, ile ya kopo, ambayo wanafunzi wa chuo hutumia ili mkaa usifutike kwenye karatasi. Eufrasia alikohoa, akavaa shela, akaenda kanisani na uso wake. Padri alimpa komunyo bila kuhitaji kukumbuka.

Ikawa ndiyo desturi ya asubuhi. Mashine ya mahudhurio iliukataa uso wa mkaa, ilitaka ule unaocheka, kwa hiyo Eufrasia aliendelea kuinua katoni mlangoni. Lakini akishaingia aliiweka chini, na wenzake walizungumza naye wakimtazama yeye.

Kisha, asubuhi moja ya kazi, alisema, "Leo nichoree hasira."

"Hasira ipi?"

"Kwani nina ngapi?"

"Kuna ile ya baba alipouza gari bila kukuambia."

"Ile ndogo. Ilikwisha kwa chakula cha jioni. Kubwa zaidi."

Yaretzi alijaribu. Alikunja nyusi, akateremsha pembe za mdomo. Eufrasia alijitazama kwenye kioo kidogo.

"Huyu tumbo linamuuma," alisema. Lakini muda ulikuwa umekwisha, akaenda hivyohivyo, na kwenye mkanda Chayo akamuuliza kama amekula kamba walioharibika.

Yaretzi alikwenda kwa Profesa Stroud, aliyemfundisha pia kuchora umbo la mtu. Hakumweleza ni ya nini, na Profesa Stroud, ambaye kila siku alipita chini ya kile kitambaa mlangoni, hakuuliza.

"Wengi hukimbilia nyusi," alisema, akichora ubaoni. "Nyusi ni za kwenye katuni. Hasira ya mtu mzima iko kwenye taya, hapa nyuma, karibu na sikio. Na kope ya chini, inakazwa. Mdomo haushuki. Unanyooka. Mtu mwenye hasira hasa hufanana na mtu anayesubiri."

Kisha akawaambia wanafunzi waliokuwapo wamkalie Yaretzi, mmoja mmoja, wafikirie jambo. Kulikuwa na mwanamume mwenye mvi aliyefutwa kazi kwenye kiwanda cha mbao, akaja chuoni kujifunza ufinyanzi. Kulikuwa na msichana wa kabila la Yakama, wenyeji wa asili wa nchi ile, ambaye shamba la Halvick lilikuwa ng'ambo ya uzio wa nyanya yake, na nyanya yake akikumbuka lilipokuwa halina uzio. Kulikuwa na yule wa kidole cha bluu, aliyekuwa na kovu sasa. Kila mmoja aliketi kwenye kiti cha mbao, na hakuna aliyehitaji kupewa muda. Yaretzi alichora mpaka vidole vikawa vyeusi. Profesa Stroud aliketi wa mwisho, na taya lake lilikaza kabla hajafika kitini vizuri.

Wiki iliyofuata, wafanyakazi walitangaziwa kwamba wanunuzi wa maduka makubwa watatembelea ghala, na kwamba kila mtu aoneshe uchangamfu. Asubuhi hiyo Eufrasia aliketi dirishani.

"Ile kubwa," alisema.

Safari hii Yaretzi hakugusa nyusi mpaka mwisho. Alianza nyuma ya taya. Alikaza kope za chini, akanyoosha mdomo. Aliweka humo mwanamume wa mbao, na nyanya wa ng'ambo ya uzio, na ukucha wake mwenyewe uliopasuka. Aliweka kidoa. Akapulizia dawa mara mbili ili ushike. Eufrasia alijitazama kwenye kioo.

"Ndiyo," alisema. "Huyu namjua."

Kwenye mkanda wa pili hakuna aliyetania. Chayo alimpisha nafasi, kisha akasogea tena karibu. Tyler alikuja kumwambia jambo, akamtazama, akaenda kumwambia mtu mwingine.

Wageni walifika katikati ya asubuhi, wamevaa makoti meupe na kofia za wavu, Grant Halvick akiwa mbele. Aliwaonesha mfereji wa maji ambamo matufaha huelea kabla ya kupanda kwenye mkanda. Aliwaonesha mashine inayochagua rangi. Kisha akafika kwa Eufrasia, akasimama, na wageni wote wakasimama nyuma yake. Mmoja alirudi hatua.

Halvick aliinama kumtazama kwa karibu.

"Hii ni kazi ya binti yako?"

"Ya binti yangu," alisema Eufrasia, bila kuacha kufungasha.

"Tazameni hili taya," Halvick aliwaambia wageni. "Lina nguvu sana. Mwaka ujao tunatoa bidhaa mpya, vipande vya tufaha vilivyokaushwa, vya pilipili. Tumehangaika mno kutafuta sura yake."

"Si ndiyo hii hapa," alisema mgeni mmoja.

"Ndiyo hii." Halvick alitoa simu mfukoni akaiinua. "Doña Eufrasia, simama hivyohivyo tafadhali. Wala huna haja ya kucheka."

Eufrasia alivua glavu ya mkono wa kulia. Akashika pembe ya aproni yake, akaichovya kwenye mfereji wa matufaha, akaanza kujisugua. Dawa ilikuwa imeshika vizuri. Nyusi zilitoka mapema, lakini taya lilikataa, akalisugua kwa nguvu kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua. Halvick alingoja na simu yake juu, kwa heshima, akidhani anajiweka sawa kwa ajili ya picha. Maji meusi yalimtiririka Eufrasia shingoni yakaingia kwenye kola. Kidoa ndicho kilichotoka mwisho. Alipoteremsha aproni hapakuwa na kitu cha kupiga picha. Chayo alimpa kitambaa kikavu bila kugeuka.

Halvick alitazama simu yake, kisha akairudisha mfukoni.

"Si neno," aliwaambia wageni. "Binti anaujua. Atauchora mwingine."

Wakaenda kuoneshwa vyumba vya baridi. Mkanda ulikuwa haujasimamishwa, na mbele ya Eufrasia matufaha yalikuwa yamerundikana mpaka mengine yakaanguka sakafuni. Tyler alimwomba ajitahidi kuwafikia wenzake. Akawafikia.

Mchana huo Yaretzi alipata ujumbe kwenye simu, wenye salamu nyingi, kumwarifu kwamba kampuni inafungua shindano jipya, na kwamba safari hii ni kwa ajili yake peke yake. Aliufuta. Kesho yake Profesa Stroud alimsimamisha kwenye ngazi, akamwambia ameombwa amkumbushe shindano, na kwamba sasa amemkumbusha. Akamkabidhi boksi la mkaa kutoka kwenye kabati la chuo, akaendelea kupanda.

Asubuhi iliyofuata Eufrasia aliketi dirishani kama kawaida.

"Uso gani?" aliuliza Yaretzi.

"Uleule."

Yaretzi alichora polepole. Taya lilikuwa limechubuka kwa kusuguliwa, akalipitia kwa wepesi asimwumize. Alipomaliza alisimama mbali, akautazama, akarekebisha kope ya kulia. Kisha akachukua kopo la dawa ya nywele, akalitikisa.

Eufrasia aliweka mkono juu ya kopo.

"Usinipulizie."

"Utafutika, mama. Ukiugusa tu umekwisha."

"Najua. Akiinua tena ile simu, sitaki kusugua."

Alisimama, akavaa koti, akachukua chakula chake na katoni yake ndani ya mfuko wa nailoni. Nje kulikuwa na upepo kutoka milimani. Alishuka ngazi akiwa ameinamisha kichwa, mkono mmoja ameukinga mbele ya uso, bila kuugusa.